Feni ya Gari la Mzee

Jumatatu, 20 Julai
Siku tano hadi sikukuu ya Mtakatifu Yakobo. Gari la mzee ndilo hutangulia msafara, tangu kabla sijaoa. Mzee hayupo tena. Sasa usukani ni wangu, mama kiti cha nyuma. Jana nimelijaribu kwenye barabara kuu ya mji wetu, Española, kwa mwendo wa bibi harusi. Limechemsha kabla ya kufika kanisani. Likichemsha Jumamosi, nafasi ya mbele anaichukua shemeji Orlando na gari lake la zambarau, lililoshushwa hadi karibu lilambe lami. Hapana! Dawa ni feni ya umeme.

Jumanne, 21 Julai
Feni imefika. Ile ya zamani, ya kuzungushwa na mkanda, nimeing'oa na kuitupa kwenye lori la vyuma chakavu, nisije nikashawishika kurudi nyuma. Nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Mke wangu Prescilla kauliza kwa nini nisimwite kaka yake, maana Orlando ni fundi umeme. Nikamwambia huko ni kumkabidhi fisi bucha.

Jumatano, 22 Julai
Fyuzi imeungua. Nimeweka nyingine. Imeungua. Nimeweka kubwa zaidi, imetulia. Nyaya zina joto kidogo, lakini Julai hii nani hana joto?

Alhamisi, 23 Julai
Inazunguka! Nimesimama mbele ya gari, upepo wa moto umenipiga usoni. Joto lote linatoka nje. Orlando kapita, kaweka mkono mbele ya grili, kacheka.

"Shemeji, umegeuza nyaya. Feni inatakiwa ivute upepo uingie, upite kwenye rejeta. Wewe unautoa."

Nikamuuliza tangu lini joto likatolewa kwa kuingizwa. Kajitolea kuzibadilisha, dakika mbili tu. Dakika mbili za kuniharibia! Nimefunga boneti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 24 Julai
Nimelipiga gari nta. Mama kapasi gauni la bluu, lile la mwaka jana, mzee alipomwendesha mara ya mwisho. Kauliza kama tutafika. Nimesema tutafika.

Jumamosi, 25 Julai
Kabla msafara haujaondoka, Padre kasimama mbele ya grili, karusha maji ya baraka. Yamemrudia usoni. Karusha tena. Yamerudi tena, na joho limempanda hadi kiunoni. Watu wamecheka hadi wakakaa chini. Tukaondoka. Kwenye taa ya pili ya barabarani, mvuke. Msafara mzima umesimama nyuma yangu.

Orlando kapita mbele, katoa kamba, kaifunga. Tumefika kanisani wa pili, tukivutwa. Mama alikuwa akiwapungia watu njia nzima. Mlangoni kaniambia, "Kila Julai baba yako alikuwa akimwita Orlando aliangalie gari. Hukujua?"

Sikujua. Nimekosa hamu hata ya kula tamale za sikukuu.

Jumapili, 26 Julai
Nimemeza kiburi. Nimemwita Orlando. Kabadilisha nyaya, kweli dakika mbili, kakataa bia, kaenda zake. Nikasema kama mzee alimwamini, mimi nani.

Halafu nikasimama mbele ya gari kuhakikisha. Usoni hakuna upepo. Hata kidogo! Kaiua feni!

Prescilla na mama wako misani. Nimezirudisha nyaya kama zilivyokuwa. Upepo umerudi, tena mkali. Mwaka kesho Padre asimame pembeni.