Upinde Katika Chumba cha Nyama

Jumatatu, 7 Julai
Barua imefika! Wapiga upinde wa kaskazini kabisa ya Norwei wanamwalika mzee mmoja wa chama chetu akafanye mazoezi nao Januari, theluji magotini. Nafasi moja tu. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja; aende nani mwingine? Octave, eti! Fundi cherehani Mrundi wa hapa mtaani kwetu Yeoville, hasemi kitu, anapiga katikati tu. Mchujo Jumamosi, uwanjani Randburg. Kwenye jua! Jua litathibitisha nini?

Jumanne, 8 Julai
Mpango. Mansour mwenye bucha ana chumba cha baridi kirefu kama darasa; nitafanyia mazoezi humo. Nilimweleza, kwa chungwa na mshumaa, kwa nini kaskazini hakuna jua Januari. Alinipa ruhusa kabla sijawasha mshumaa. Sharti: nisiguse nyama.

Jumatano, 9 Julai
Nimegusa nyama. Mshale umezama, hadi manyoya yake ya nyuma, kwenye paja la ng'ombe. Mansour alikuja juu: eish, Mzee Pandu, wateja niwaambie ng'ombe huyu alichinjwa au aliwindwa? Nimelilipia paja, nikalibeba hadi nyumbani. Zabibu, mke wangu, akauliza: Baba Saida, harusi ya nani?

Alhamisi, 10 Julai
Nimempigia simu Bi Gaudiose, mwenyekiti wetu, ahamishie mchujo kwa Mansour, Jumamosi kabla mzigo mpya wa nyama haujaingia. Nilieleza saa nzima. Akasema sawa, Mwalimu, sawa, mradi nikate simu. Ushindi! Octave aliposikia alitabasamu, akarudi kwenye cherehani yake. Maskini, hajui kinachomngoja.

Jumamosi, 12 Julai
Wanachama kumi na wawili, mvuke vinywani. Ningeiachaje hadhira ile bila maelezo? Nikasimama katikati ya chumba nikaeleza jinsi mwili unavyopoteza joto: vidole kwanza. Nikavua glavu nionyeshe. Dakika arobaini. Mansour akauliza kama kuna mtihani. Wenzangu wakatoka mmoja mmoja kuota jua, wakawa wananisikiliza kutoka mlangoni.

Zamu yangu. Vidole havikutii. Mshale wa kwanza ukaangukia kiatu changu. Wa pili nilishindwa kuuachia! Wa tatu Mansour bado anautafuta.

Octave akaingia na koti nene alilolishona juzi, mkono mmoja wa koti ukiwa mwembamba ili usikwaruze uzi wa upinde. Mitatu katikati. Dakika moja. Akitoka akanishika bega: pole, Mzee. Ni kweli, vidole kwanza.

Jumapili, 13 Julai
Octave ndiye atakayekwenda. Zabibu ananikanda vidole kwa maji ya uvuguvugu, anasema nimegandishwa na maneno yangu mwenyewe. Nimelipima jambo hili kwa utulivu, kisomi. Kosa limeonekana: muda ulikuwa mfupi. Sikufika hata kwenye masikio!

Octave hawezi kwenda Norwei na elimu nusu. Nimemwalika kesho kwa Mansour, tuanze saa mbili asubuhi, tumalize adhuhuri. Amekubali, ila atakaa mlangoni. Glavu nitaziacha nyumbani. Zinanizuia kuonyesha vizuri.