Mfuko Mmoja Kila Jioni

Jumatatu, 3 Machi
Ushindi! Nimemwona binti yangu Yun-ju, na leo si siku yangu. Mahakama imenipa Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, alasiri tu, kana kwamba binti wa miaka tisa ni kitabu cha kuazima. Lakini lori la taka hupita kwa mama yake karibu kila jioni, likiimba kwa kipaza sauti ili watu washushe taka zao, na anayeshuka na mfuko ni Yun-ju. Hakimu hakuliwaza hilo! Nikavuka mji mzima wa Tainan kwa pikipiki, taka zangu miguuni. Anayesimama mikono mitupu kwenye kichochoro cha mtalaka wake ni mshukiwa. Mwenye mfuko ni mkazi. Yun-ju akauliza kama lori la kwetu limekufa. Nikamwambia la kwao linaimba vizuri zaidi.

Jumanne, 4 Machi
Shida: sina taka. Mzee kama mimi, wa tofu na yai moja kwa siku, hatoi taka za maana. Nikajaza magazeti. Bibi Kuo, jirani wa mtalaka wangu Hsiu-chin, hulinda kona ile kama askari wa mpakani. Akaunyanyua mfuko wangu kwa kidole. "Mwalimu, humu umefunga upepo?" Kichochoro kizima kikacheka. Kisha akanifundisha kwamba karatasi huenda lori la nyuma, la vitu vya kurejelezwa. Mimi, niliyesahihisha kamusi miaka thelathini! Yun-ju akatazama viatu vyake. Hilo ndilo lililoniuma.
Dawa imepatikana: nimegonga kila mlango wa jengo letu nikajitolea kuwatupia taka zao.

Alhamisi, 6 Machi
Jengo zima linanisifu. Mama muuza samaki wa ghorofa ya pili ameniita kaka wa peponi, akaniachia mifuko mitatu ya vichwa na matumbo. Sitatupa yote kwa mkupuo. Nikiimaliza, kesho nitakwenda na nini? Mfuko mmoja kila jioni. Iliyobaki ni akiba, sebuleni. Kwetu Kinmen, kisiwa nilichokiacha nikiwa kijana, makombo yaliliwa na nguruwe. Marehemu baba angenionaje, nikiyatunza kama mbegu?
Simu! Bi. Tseng, afisa ustawi, anataka kukagua nyumba yangu. Akiridhika, ataishauri mahakama Yun-ju awe analala kwangu Jumamosi zangu. Alale! Asubuhi nimpikie uji! Akauliza siku gani inanifaa. Nikachagua Jumatano ijayo. Jumatano lori halipiti, kwa hiyo sipotezi jioni hata moja na mwanangu. Wachache wangelifikiria hilo.

Jumanne, 11 Machi
Yun-ju ameniambia nanuka soko. Akaziba pua kwa mkono mmoja. Kwa mwingine akashika mkono wa koti langu mpaka lori likaondoka. Nimerudi nikiimba. Mlangoni nikakuta mifuko mipya. Majirani wamezoea.

Jumatano, 12 Machi
Nimeamka alfajiri kuificha akiba. Roshani ikajaa. Bafu likajaa. Iliyobaki nikaisukuma chumbani kwa Yun-ju, nikafunga mlango, nikachoma udi.
Bi. Tseng, mpole sana, akaomba kuona chumba cha mtoto. Nikapendekeza tuanze na vitabu vyangu. Akasema vitabu havilali. Akafungua. Mfuko wa samaki ulikuwa umepasuka juu ya shuka jipya lenye picha za sungura.
Akauliza taka zile ni za nani. Za majirani, nikasema. Mimi mwenyewe sina taka. Nilidhani hilo litanisaidia. Akaandika kwa muda mrefu. Ndipo muuza samaki akachungulia mlangoni: "Kaka Weng, ya leo hii hapa! Nayo utaiweka kwa mtoto?"

Ijumaa, 14 Machi
Hakuna mtoto kulala kwangu. Bi. Tseng ameshauri mahakama ingoje miezi sita. Nimelikunja shuka la sungura likiwa bado linanuka.
Jioni Hsiu-chin akapiga simu. Nilijiandaa kwa kelele. Nikasikia mtu akivuta pumzi. Akasema aliniona dirishani tangu siku ya kwanza. Akasema taka zao ni za mara mbili tu kwa wiki, ila amekuwa akizigawa kwenye vijifuko ili mtoto apate sababu ya kushuka kila jioni. "Baba Yun-ju, achana na taka, jamani. Jumanne na Alhamisi mchukue shuleni. Jumanne mpeleke bwawani kwenye darasa lake la kuogelea, mle, umrudishe. Mimi na wewe tu, bila mahakama."
Sauti yake ilikuwa ya zamani, ya kabla ya mawakili.
Kisha akili ikanirudia. Siku mbili kwa wiki, bure? Mwanamke huyu anatafuta nini? Mtego! Sikuzaliwa jana. Nimemjibu nitafikiria.
Ila amefanya kosa moja: ametaja bwawa. Nimeulizia haraka. Jumanne, saa ile ile ya watoto, kuna darasa la wazee upande wa pili wa kamba. Nimejiandikisha. Sijui kuogelea, lakini kwenye maji ya kina kifupi mtu anaweza kusimama na kutazama. Nimenunua miwani ya maji, nyeusi kabisa, ili Yun-ju asinitambue.