Vita vya Mawinda ya Ignas katika Kambi ya Reli ya Itigi

Sogeeni, enyi mama mliokesha, nanyi baba mliojifanya mmelala! Epueni chungu, mlazeni mtoto kifuani, mtege masikio. Wako waliosifiwa kwa kuua simba, na wako waliosifiwa kwa kuvuka pori la Itigi huku nyuki wakiwaimbia kichwani. Lakini ni nani aliyewahi kumsifu mwanamke kwa kumfanya mtoto awe mkavu? Leo asifiwe. Asifiwe Elina binti Lazaro, Mkunja-Pembetatu, Mshika-Pini, aliyepigana na Maji ya Ignas na hakurudi nyuma, ingawa mara nyingi alilowa.

Ikawa katika siku zile ambapo bendera ya Mwingereza ilipepea kwenye uwanja wa stesheni, na gari moshi likiingia Itigi likihema kama fahali aliyepandishwa mlima, palikuwa na kijana aitwaye Zefania, ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza reli ili magari yapishane bila kugombana. Elina mkewe akamzalia mtoto wa kiume, wakakubaliana aitwe Ignas. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye nywele laini kama vumbi la mtama, lakini alijaliwa hazina ya maji isiyolingana na kimo chake. Kiangazi kile kisima cha kambi kilikauka hata vyura wakahama. Kisima cha Ignas hakikukauka.

Kwenye kliniki ya misheni, mwuguzi mmoja mpole, aliyeweza kurudia neno lile lile bila kukunja uso, alikuwa amewafundisha wajawazito namna ya kumfunga mtoto winda la kitambaa, litakalofuliwa na kutumika tena hata mtoto atakapoanza kukimbia. Zefania alipopata habari hiyo akaenda dukani, akarudi na jora la amerikani begani, akitembea kama mtu aliyetoka kumvua chui ngozi yake. Elina akalikata, akapinda kingo kwa sindano, na wala hakuthubutu kumfunga mtoto siku ile. Maana mwuguzi alikuwa ameonya: kitambaa kipya hakinywi. Kimejaa uji wa kiwandani, ule wanga wa kukikakamaza. Kichemshwe, kifuliwe, kianikwe, kisha kichemshwe tena, mpaka kipate kiu.

Kilipopata kiu, vita vikaanza. Elina akakunja pembe kwa pembe, akapitisha ncha katikati ya mapaja, akazikutanisha kiunoni, akatia pini, na kati ya pini na tumbo la mtoto akaweka kidole chake mwenyewe, ili ikichoma, imchome mama. Winda la kwanza likaanguka hata magotini. La pili likabana, Ignas akalia kama mbuzi wa mnadani. La tatu likakaa.

"Limekaa!" akanguruma Zefania.

"Taratibu, baba Ignas," akasema Elina, akinyonya damu kidoleni. "Ukilisifu litasikia, litaanguka."

Halikuanguka. Likanywa, likafuliwa, likaanikwa, likanywa tena, na amani ikatawala katika nyumba ile ya reli.

Ndipo alipofika Magdalena Mwenye Kibuyu, mama yake Zefania, kutoka Mungaa. Alikuja juu ya lori la viazi, amekumbatia kibuyu cha samli njia nzima kama yai. Ndiye aliyechaguliwa kumbeba Ignas siku ya kubatizwa, na tangu alipopata ujumbe huo hakuwa na habari nyingine. Aliwaambia majirani, akamwambia dereva wa lori, akaviambia na viazi.

"Shikamoo, mama," akasema Elina, akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Yuko wapi mume wangu?"

"Amelala, mama."

"Analala hali mke wake nimesafiri! Mwanamume huyu nitamwacha." Akamwinua mjukuu, akamnusa shingoni, akafumba macho kwa muda mrefu. Kisha akamtazama Elina, akaona macho mekundu na kidole kilichotobolewa. "Nenda kalale," akasema. "Mimi nipo."

Wapo watu waliogawiwa ng'ombe wakafurahi. Lakini aliyeambiwa "nenda kalale, mimi nipo" akiwa na mtoto mchanga, huyo amegawiwa ufalme. Elina akalala.

Magdalena akatoka uani. Kwenye kamba yalining'inia mawinda, yamekaushwa na jua la Itigi mpaka yamekuwa magumu kama ngozi iliyowambwa. Akaligusa moja, likamkwaruza. Moyo ukamwuma kwa ajili ya makalio ya mjukuu. Maana kwao Mungaa mtoto alibebwa katika ngozi ya kondoo, na ngozi ikikakamaa kila mama ajua dawa yake: ipakwe samli, isuguliwe kwa viganja, ipakwe tena, mpaka ilegee kama ncha ya sikio. Basi yule mama mwema akaketi chini, akafungua kibuyu alichokisafirisha kwa upendo mwingi, akachukua winda moja baada ya jingine, akapaka. Alipaka kwa subira akiimba polepole. Hapakuwa na pembe moja iliyosahauliwa.

Enyi mlionawa mikono baada ya ugali wa nyama ya mafuta, mwajua: palipo na samli, maji hayaingii!

Elina akaamka, akamfunga mtoto winda lililolainika ajabu, lenye harufu ya jikoni, akadhani harufu ni ya mikono yake mwenyewe. Mara ikapigwa hodi, akaingia Kristina, mke wa karani wa mizigo, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili na kanga mpya aliyoitoa sandukuni siku ile ile. Ilikuwa Jumamosi mchana, na Ignas alikuwa wa kubatizwa kesho yake.

"Nipe huyo mwanamfalme nimwone," akasema Kristina, akampakata.

Na Ignas akafungua malango yake. Maji yalishuka, yakalikuta winda, yakaliteleza kama mvua juu ya mgongo wa bata, yakapita kushoto, yakapita kulia, yakaiteka kanga mpya kutoka pindo hata pindo, yakamiminika sakafuni na kuelekea mlangoni kama yaliyokuwa na safari.

"Mama Ignas!" akapiga kelele Kristina. "Hili ni winda au mfereji? Kesho mtampeleka kanisani kwa miguu au kwa mtumbwi?"

"Nisamehe, dada," akasema Elina, akilishika winda. Likateleza vidoleni. Akalinusa, akafahamu yote. Kule mlangoni, juu ya kigoda, mama mkwe alikuwa akimtazama. Basi Elina akasema upesi, "Ni kosa langu. Nadhani sikuyafua vizuri."

"Mwanangu," akasema Magdalena, "usinibebee mzigo wangu. Pua yangu haijazeeka. Hiyo ni samli ya ng'ombe wetu." Akaelekeza kidole kwenye kamba ya uani. "Niliyalainisha kama tulainishavyo ngozi. Yote."

"Yote, mama?"

"Hata lile lililochanika."

Akaitazama mikono yake, akaificha chini ya kanga yake. "Kesho ambebe Kristina," akasema kwa sauti ndogo. "Yeye ni mtu wa hapa, ajua mambo ya hapa. Mikono hii itamwaibisha mtoto mbele ya watu. Mimi nitakaa nyuma, nitamwona tu."

Kristina, aliyekuwa akikamua pindo la kanga, akainua macho, akaona jinsi yule mzee alivyoinamisha kichwa, na pilipili ikamtoka ulimini.

"Mimi nimbebe?" akasema. "Hapana, mama. Mimi nimekwisha kubatizwa leo. Inatosha."

Elina akacheka na kulia kwa pamoja; kisha akasimama, akalishika winda lile juu kama bendera, akanena: "Sikia, mama yangu! Mikono iliyosafiri na kibuyu kutoka Mungaa, mikono isiyosahau pembe hata moja, ndiyo hiyo itakayombeba mwanangu. Ikiwa samli imeyateka mawinda haya, mimi nitayakomboa kabla jua halijatua. Na yasipokomboka, Ignas hatabatizwa kesho. Atasubiri, hata awe na ndevu!"

Magdalena akamjibu: "Maneno mazuri, mwanangu, lakini hayafui nguo. Una maji?"

"Ya leo yamekwisha. Tangu kisima kikauke, hugawiwa asubuhi tu."

"Na majivu?"

"Majivu yapo tele."

"Basi nusu ya jeshi ipo," akasema mzee, na mkono mmoja ukatoka chini ya kanga.

Wakati ule ule, gari moshi la kutoka Tabora likapiga honi. Tazama hekima ya shujaa: wengine walisikia honi, Elina alisikia maji yanayochemka. Akanyakua madebe mawili, akakimbia mpaka penye kichwa cha gari moshi, akasimama chini ya yule mnyama wa chuma aliyekuwa akitoa mvuke puani. Kutoka juu akachunguliwa na dereva Bonaventura, mtu mpana, mweusi wa masizi, mwenye kofia isiyofahamika tena rangi yake.

"Shikamoo, baba. Naomba maji ya moto."

"Marahaba. Ya chai?"

"Ya vita, baba." Akamweleza yote kwa pumzi moja: winda, samli, mama mkwe, kesho.

Bonaventura akavua kofia. "Mama," akanena, "gari hili limebeba wakubwa wa serikali. Limebeba karanga, limebeba nta, limebeba nyuki wasio na tiketi. Lakini halijawahi kumkausha mtu makalio, na mimi nisingependa nistaafu kabla halijafanya kazi hiyo. Lete debe."

Akafungua bomba, maji yakashuka yakinguruma. Kisha, na jambo hili lisisahauliwe, akachukua kitambaa chake cha kujifutia jasho, akakivingirisha kwenye mpini wa debe, asije Elina akaungua. Zefania alikwisha kugeuza reli, akashika la pili, wakaenda upesi wakitembea kama wabebao kitu kitakatifu.

Uani Magdalena alikuwa amekwisha kujipanga. Majivu ameyafunga katika gunia, gunia ameliweka juu ya karai, mikono yote miwili iko nje, ncha za kanga zimefungwa shingoni.

"Enyi majivu," akaomba, "ninyi mlioosha vibuyu vya mama yangu na vya bibi yangu, msiniache leo!"

Maji ya moto yakapita katikati ya majivu, yakatoka yakiwa na rangi ya chai ya mtu mwenye haraka. Mawinda yakatumbukizwa. Wakasugua. Magdalena kulia, Elina kushoto, na Kristina katikati akiwa na kanga yake ya zamani, maana alikwenda kwake kubadili nguo akarudi na mtungi wa maji ya nyumbani mwake, yote aliyobakiza ya kupikia, akautua kando ya karai. Na hapo ikatukia ajabu: samli ilipokutana na majivu na joto, ikaanza kutoa povu jeupe, povu kama la sabuni ya dukani. Adui alikuwa amehamia upande wao!

"Samli ya kwetu hii!" akapaza sauti Magdalena. "Hata ikikosea, inajirekebisha!"

Wakasuuza. Wakakamua. Mzee akachovya kidole majini, akadondosha tone juu ya winda. Tone likakaa, likameta kama shanga. Wakarudi vitani. Likakaa tena, ila likiwa limelegea. Wakarudi. Safari iliyofuata tone likagusa kitambaa, likatanuka, likapotea.

"Limekunywa," akanong'ona Elina.

"Tone moja si Ignas," akasema Magdalena. Lakini alikuwa akitabasamu.

Upepo wa kiangazi, unaochukua maji hata kwenye midomo ya watu, ukayakausha yote kabla ya jua kutua.

Jumapili asubuhi, kwenye mlango wa kanisa, Magdalena alianza kusogea kwenda viti vya nyuma. Elina akamzuia. Alimweka mtoto mikononi mwake, akamshika kiwiko, wakaenda mbele pamoja. Watu wakasimama. Padri akainua chombo, akamimina maji juu ya kichwa cha Ignas mara tatu, akitaja majina matukufu.

Ignas hakulia. Alitulia. Macho yakamtoka, akatazama mbali kama mzee anayekumbuka neno la zamani. Kila mama aliyekuwa mle ndani alizijua dalili hizo. Kristina akavuta kanga yake kando. Zefania akafumba macho. Elina alizuia pumzi, maana aliona mkono wa mama mkwe, ulioko chini ya mtoto, ukishtuka kwa joto.

Joto likaja, likatanda, likafika pembe kwa pembe. Na hapo likasimama.

Magdalena akahamisha mtoto kwenye mkono mmoja. Polepole akautoa ule mwingine, akaugeuza, akautazama kiganjani. Kisha akauinua juu mbele ya kanisa zima, katikati ya sala, akasema kwa sauti iliyofika hata barazani:

"Mkavu!"

Padri akakatisha sala. "Amina," akasema Zefania, maana hakujua la kusema, na kanisa lote likaitikia, "Amina!"

Magdalena akamrudisha mjukuu katika mikono yote miwili, akamkumbatia, machozi yakimdondokea puani, wala hakumpa mtu mwingine yeyote kumbeba mpaka misa ilipokwisha, hata Ignas alipoanza kulia akidai winda jingine.

Mwaka ule wengine waliukumbuka kwa ukame, na wengine kwa mtama uliokataa kutoa masuke. Lakini katika kambi ya reli ya Itigi, ukiwauliza wanawake, watakujibu bila kusita kuwa ule ulikuwa Mwaka wa Kiganja Kikavu.