Sindano ya Goti la Panzi

Sumaku walimwita hivyo kwa sababu vitu vya watu vilimganda mkononi. Mwezi uliopita aliuza dawa ya mende. Mende wakanenepa, akahama mtaa. Sasa alisimama mlangoni pa ukumbi wa michezo, akimtazama mwenyekiti wa timu ya mpira wa wavu akimfokea mchezaji wake, binti aliyeitwa Panzi kwa jinsi alivyoruka. Kano ya goti ilimuuma msimu wa pili huu. Hospitali walimwambia apumzike wiki sita, afanye mazoezi ya taratibu. Mwenyekiti, ambaye zoezi lake kubwa ni kukata utepe, alisema fainali ni Jumamosi na goti halina kura.

Sumaku akanusa riziki. Akajitambulisha kuwa daktari wa magoti ya wanamichezo: unatoa damu ya mgonjwa, unaizungusha kwa mashine, unairudisha kwenye kano, goti sugu linatii kama kondoo. Dozi imebaki moja tu.

Mashine yenyewe ilikuwa gurudumu la baiskeli, kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo. Dawa ilikuwa maji ya chumvi.

Lakini wakubwa wetu neema ikishuka hukinga wao kwanza, sie wengine tunapanga foleni mpaka tunazikana. Mwenyekiti akapandisha suruali. Hata yeye goti lilimsumbua, akasema. Panzi atapata kitakachobaki. Akadungwa dozi nzima, hakikubaki kitu.

Panzi akalitazama lile gurudumu, akamtazama Sumaku, akatabasamu.

"Daktari, mwenye goti kama haya yetu hupumzika muda gani?"

Sumaku alikuwa anawazia njia ya kutorokea. Muda mrefu ndio salama yake. "Wiki sita. Asiruke, asipande ngazi. Kano itakatika kama uzi."

"Tuandikie basi, kaka, sote wawili. Dada yangu muuguzi hapo ng'ambo ya barabara, atapenda kuona mwandiko wako."

Sumaku akaandika bila kupumua. Mwenyekiti, goti amelishika kama yai, angembishiaje daktari wake mwenyewe?

Ila ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo hilohilo, na lifti ilikufa zamani pamoja na fedha za kuitengeneza.

"Ngazi umenikataza mwenyewe," mwenyekiti akamwambia Sumaku. "Geuka. Inama, unibebe."

Malipo atapewa goti likipona, na mlinzi wa geti ameshaambiwa daktari haondoki. Kukiri kuwa dawa ni chumvi ilikuwa njia ya polisi. Kunyamaza, njia ya ngazi. Sumaku akainama.

Fainali ikachezwa bila Panzi. Wiki ya tatu binti alikuwa anachuchumaa taratibu ukumbini, mara ya kwanza bila kuuma meno, akasikia mtu anahema huko juu ngazini.

"Polepole, daktari," mwenyekiti alikuwa anasema. "Halafu ukishanitua, turudi chini. Nimesahau miwani."