Vidonge vya Kukonda na Mama Mkwe Nyuma ya Mlango

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mbele ya mke wangu, mzee wa kanisa na mama mkwe. Tena kwa sauti ya besi.

Naiandika barua hii kwa karatasi za kaboni, nakala nne, moja kwa kila mmoja wenu niliyelala naye bweni moja shuleni. Habari zitawafikia tu, na ni heri mzisikie kwangu kabla hazijatiwa chumvi. (Chumvi haihitajiki. Mtaona.)

Mnajua mimi na Kerubo tumeishi miaka sita kwa ndoa ya nyumbani, na watoto wawili juu, Bosibori na mdogo wake. Mwaka huu tukakubaliana tukafunge kanisani, naye avae shela kama wenzake. Tarehe ikapangwa, mwezi ujao. Nikaitoa suti yangu sandukuni, ile niliyoshona mwaka nilioajiriwa ukarani pale Kisii mjini. Suruali ilifika mapajani ikagoma. Koti hata msiniulize.

Mtu mwenye akili angempelekea fundi ailegeze. Mimi nilikuwa nimeshajigamba ofisini kwamba nitaivaa ile ile. Basi nikaingia duka la dawa, nikamnong'oneza muuzaji, akanipa chupa ya vidonge vya manjano. Kimoja asubuhi, kimoja mchana. Nikaificha chupa ndani ya soksi, maana huku Keumbu mwanamume mwenye tumbo ni mwanamume aliyetulia, na sifa ni za mke wake. Ningemwambia nini Kerubo? Kwamba kazi yake ya miaka sita naiondoa kwa dawa?

Vilifanya kazi, sitasema uongo. Njaa ilinihama. Mdomo ukakauka, moyo ukawa unakimbia nami nimeketi, na ofisini nikayapanga upya mafaili ambayo hakuna aliyeniomba niyapange. Nyumbani, obokima wa Kerubo, ule ugali wa wimbi ninaoupenda kuliko chakula chochote, nikawa naumega mara mbili nasukuma sahani.

Halafu kulikuwa na jambo la pili, ambalo yule muuzaji hakulitaja. Chumbani nako nikawa mgeni. Moyo unataka, mwili hausikii. Wiki ya kwanza nikasema ni uchovu. Wiki ya pili nikasingizia mgongo. Wiki ya tatu nikawa nawahi kitandani na kujifanya nimeshalala. (Dawa yenyewe hailazi. Mtu yuko macho makavu, anakoroma kwa bidii.) Jamani, niliogopa. Nina miaka thelathini na miwili, nikadhani basi, nimekwisha.

Sasa, kwa mwanamke wa Kikisii mambo haya hayana mafumbo. Mume asiyekula kwake amekula kwingine. Na asiyekula wala kumgusa mkewe, huyo ana nyumba ya pili. Kerubo hakuniuliza kitu. Akawa anakoroga uji kwa nguvu, na Ijumaa akatuma ujumbe kwao Mosocho.

Leo Jumapili, chai haijapoa, nikamwona Mzee Nyang'au anaingia na Biblia kwapani. Ni mzee wa kanisa letu la Sabato na ndiye anayeongoza besi kwenye kwaya. Akinong'ona, anasikika ng'ambo ya barabara. Nyuma yake alikuja mama mkwe, na mwavuli.

Nikaruka nikageukia ukuta. Kwa wale wenu mliotoka kwingine: sisi tuna ensoni, ile heshima ya aibu kati ya wakwe. Mimi na mama mkwe hatupeani mikono, hatutazamani machoni, na mambo ya kitandani hayatajwi akiwa karibu hata kwa mbali. Kwa hiyo aliwekewa kigoda jikoni, nyuma ya mlango, mlango ukaachwa wazi kidogo. Kila neno lilipaswa kupitia kwa Mzee Nyang'au.

Mzee hakuzunguka. Alisema kanisa haliwezi kumfungisha ndoa mtu aliyeweka mwanamke mjini, na harusi imesimama mpaka nijieleze. Nikamtazama Kerubo. Macho yalikuwa yamevimba. Siku chache nyuma nilimkuta anaijaribu shela mbele ya kile kioo chetu kilichovunjika, akanifukuza huku anacheka. Hapo niliumia kweli. Nampenda huyu mwanamke, na nilikuwa nampoteza kwa ajili ya suruali.

"Sina mwanamke yeyote," nikasema.

Mzee akaugeukia mlango. "Anasema hana mwanamke!"

"Muulize basi kwa nini hali."

"Mama anauliza kwa nini huli." (Nilikuwa nimesikia. Ensoni haizibi masikio.)

Nikaenda nikaleta soksi. Nikatoa chupa, nikaeleza habari ya suti na kukonda, Mzee akayapeleka mlangoni yote. Kisha mama mkwe akataka kujua binti yake alinikosea nini hata niutupe upishi wake namna hiyo. Lakini nikaona mambo yanaelekea kuisha, nikaanza kupumua.

Ndipo Kerubo akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Baba Bosibori, ya chakula nimeelewa. Na lile lingine?"

Lile lingine! Nikatazama dari. Nikinyamaza, basi yuko mwanamke mjini na harusi hakuna. Nikisema, mama mkwe huyo hapo, hatua tatu. Nikamsogelea Mzee Nyang'au hadi sikioni, nikamnong'oneza kwa pumzi tu, kwamba vidonge vimeulaza mwili. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akaifunga Biblia. Akaugeukia mlango.

"Mama! Anasema dawa imemmaliza nguvu za kiume!"

Kuku walitawanyika uani. Jirani aliyekuwa akipalilia migomba upande wa pili wa ua aliacha kupalilia.

"Sijasikia vizuri," ikatoka sauti jikoni. (Alisikia. Naapa alisikia.)

Mzee akarudia, polepole zaidi, na safari hii akaongeza, "Wiki tatu sasa!" Mimi sikumwambia wiki tatu. Nikamgeukia Kerubo, nikakuta amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, na kulia pia.

"Mimi nilidhani hunitaki tena," akasema.

"Nakutaka," nikajibu, nikasahau kabisa nani yuko nyuma ya mlango.

Mzee akageuka kwa utiifu wake. "Mama! Anasema anam..."

"Mzee, hilo liache," akasema Kerubo.

Mama mkwe akatoa hukumu. Vidonge vitupwe chooni leo leo. Nile. Na harusi isogezwe mbele, kwa sababu yeye hatamsimamisha binti yake kanisani na mtu ambaye afya yake haijulikani. Kerubo atakapotuma habari Mosocho kwamba nimepona, siku hiyo ndipo tarehe mpya itapelekwa kwa Mzee. Mzee akatoa penseli akayaandika hayo, akiyasoma kwa sauti huku anaandika, na jirani wa migomba akasogea karibu na ua asipitwe na neno.

Kwa hiyo, wenzangu, Sabato moja Mzee Nyang'au atasimama mbele ya kanisa zima atangaze tarehe ya harusi yetu, na hakuna mtu Keumbu ambaye hatajua ni kitu gani hasa kinachotangazwa. Mmealikwa wote wanne. Mkiwahi kuwepo siku hiyo, nawaomba jambo moja tu: asiseme mtu Amina.