Vichwa vya Sponji vya Magokoro

Jumapili, 10 Agosti

Leo nimekuwa mhandisi wa masikio. Nimejiteua mwenyewe, na hakuna aliyepinga.

Kisa ni hiki. Magokoro wangu, mama yake Baba, ameimba sauti ya pili kwenye makambi ya kanisa, ule mkutano wa kila mwaka hemani, tangu kabla Baba hajazaliwa. Jana, Sabato, baada ya ibada, Obadiah, mwalimu wa kwaya, alimwita kando. Alimwambia kwa adabu, ile adabu ya mtu anayekunyonga polepole, kwamba wimbo wa mwaka huu ni mpya, ametunga yeye, una kona nyingi, na masikio ya Magokoro siku hizi yanaachwa nyuma. Jumanne ya wiki ijayo atamjaribu peke yake. Asipoujua, siku ya makambi ataketi na wageni.

 Magokoro alirudi nyumbani akamenya ndizi zote zilizokuwa jikoni, hata za kesho.

Kwa hivyo nimeshika usukani. Sauti ya pili Obadiah aliirekodi, nimemwekea Magokoro kwa simu. Shangazi Mong'ina alimtumia earphone kutoka Nairobi, zile zisizo na waya, za kuzama sikioni. Atasikiliza akichuma chai, mikono ikiendelea na kazi. Mpango safi. Shule niliiacha kidato cha pili. Akili niliondoka nayo.

Jumatatu, 11 Agosti

Mpango umeteleza. Yaani raba za earphone ndizo zimeteleza. Sikio la kulia zinajikaza kidogo. La kushoto, wapi! Magokoro akiinama tu, chini.

Tulipofika kituoni kupima majani, karani akasikia gunia letu linaimba. Akaruka nyuma. Kisha akachimba, akatoa earphone ya kushoto na Obadiah bado yumo ndani anaimba. Watu walicheka hadi mizani ikasahauliwa. Magokoro alicheka pia. Lakini tukirudi aliniuliza polepole kama kweli amezeeka. Nikamwambia masikio yake ni mazima, zilizozeeka ni raba.

"Basi nitafutie zingine, mume wangu," akasema.

Ananiita mume kwa sababu nilipewa jina la marehemu babu, Angwenyi. Kwetu nyanya na mjukuu ni watani, wanaambiana lolote. Mimi na Baba? Ah. Hapo kuna heshima. Tangu nitahiriwe siingii chumba chake, sigusi kitanda chake, na yeye hawezi hata kukitaja mbele yangu. Yeye na Magokoro ni vivyo hivyo. Boma letu lina mengi yasiyosemwa. Ndiyo maana mimi huongea sana, kufidia.

Turudi kwa masikio. Dawa ni vichwa vya sponji. Unakifinya, kinaingia, kinavimba ndani, kinashika. Nyangau anaviuza Ogembo kwenye meza yake ya vifuniko vya simu. Nikaenda. Akasema atanipa, lakini kwanza nitangaze mbele ya vijana wa boda kwamba yeye ndiye fundi na mimi ni mwanafunzi wake.

Nikageuka nikaondoka. Mtu ana jina la babu yake. Nitatengeneza mwenyewe. Sponji ni sponji.

Jumatano, 13 Agosti

Ushindi!

Jana asubuhi Mama alianika magodoro mawili uani, la Magokoro na lao, yote ya rangi moja maana yalinunuliwa siku moja. Nilirudi mchana nikachagua lililokuwa upande wa nyumba ya Magokoro. Godoro la nyanya halina mwiko kwangu. Tena ni kama kumhamishia mali yake kutoka mgongoni hadi masikioni.

Nilitumia wembe, na spoku ya baiskeli iliyopashwa moto kutoboa katikati. Vichwa vya kwanza vilitoka kama uyoga. Vya pili kama meno ya ng'ombe. Nilipopata jozi ya maana, shimo kwenye godoro lingetosha kuku kuatamia. Nikaligeuza. Nani huchungulia godoro upande wa chini?

Na leo, wacha tu! Magokoro aliinama, akainuka, akatikisa kichwa kama ng'ombe mwenye inzi. Hazikuanguka. Zinanuka moshi kidogo lakini zimeshika. Na zimeziba kila kitu, hata yeye mwenyewe hajisikii. Kwa hivyo anaimba kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Wachumaji wa mteremko mzima walisimama na majani mkononi. Mama alimpungia mkono apunguze. Magokoro akadhani anasalimiwa, akaongeza.

Alhamisi, 14 Agosti

Msiba.

Jana chakula cha jioni Baba aliketi upande mmoja. Uso ulikuwa umekunjika tangu asubuhi. Mama alikuwa anausoma ugali kama Biblia. Mara Baba akarudisha tonge kwenye sahani, akautazama ukuta, si mimi, ukuta, akasema:

"Kwa hili boma kuna panya. Panya mwenye wembe."

 Ndipo nikaelewa. Mama aliyahamisha yale magodoro kufuata jua. Nilikuwa nimekata la Baba!

Na hakuna wa kusema! Baba hawezi kunitajia godoro lake. Hawezi kulitaja mbele ya mama yake. Mama hawezi kunitajia. Mimi siwezi kuomba msamaha wa kitu ambacho hakijatajwa. Tukala mboga. Sijawahi kusikia watu wakitafuna kwa sauti vile.

Magokoro alikuwa na sponji masikioni, nikadhani hajasikia neno. Leo asubuhi ameniita migombani. Vichwa viwili vilikuwa kwenye kiganja chake.

"Mume wangu," akaniuliza, "hivi ni vya godoro la nani?"

Nikamwambia. Akaketi chini pale pale. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kisha akalia kidogo. Kisha akacheka tena mpaka leso ikamwanguka. Kitanda cha mwanawe, ndani ya masikio yake! Alichimba kwa jembe, akavizika, akanawa masikio kwa maji ya mvua. Akaniambia nisimwambie mtu mpaka afe, na hata akifa ningoje kidogo.

Halafu akafuta uso. Akasema labda Mungu ameshamwonyesha pa kuketi, ni kule kwa wageni. Alisema kwa upole sana. Heri angenichapa.

Sikubali. Kesho naenda Kisii mjini.

Ijumaa, 15 Agosti

Duka la vifaa vya simu ni la Mzee Ahmednoor, karibu na soko. Anayeuza ni binti yake, Firdaus. Nilijitambulisha kama mhandisi wa masikio kutoka Ogembo. Akaniuliza nataka vichwa vidogo, vya kati au vikubwa. Nikasema vya mama mzee. Akasema hicho si kipimo. Mzee ni umri, sikio ni tundu.

Nilikuwa nimebeba earphone. Sikio nimelisahau nyumbani.

Ikabidi nimpigie Magokoro simu, aingize kidole kidogo sikio moja moja na anieleze kinafika wapi. Nilikuwa napiga kelele ili anisikie. Duka zima likanyamaza kusikiliza. Kushoto kimezama. Kulia ni ncha tu. Firdaus hakushangaa. Alisema masikio ya mtu mmoja si lazima yawe mapacha, ndiyo maana la kushoto lilikuwa linaangusha. Akanipa cha kati kushoto, kidogo kulia. Akavijaribu kwenye shingo ya earphone, maana vikilegea pale, earphone itatoka na kichwa kibaki sikioni.

Akanifundisha: finya kama unasokota uzi, vuta sikio juu, ingiza, shikilia mpaka kivimbe. Alionyesha kwa kuingiza kidole ndani ya ngumi yake, maana masikio yake yako chini ya hijabu na hayanihusu. Nilimwambia nimeelewa. Nikamwomba aonyeshe tena. Akasema wahandisi wa Ogembo wana vichwa vigumu.

Nililipa kwa kushusha makartoni na Mzee Ahmednoor, na mzee hakuniachia hata moja jepesi. Ndipo Firdaus akataja kwamba kuna kijana wa Ogembo hununua vichwa kwake, anaitwa Nyangau. Kumbe! Fundi ni mteja!

Nimefika kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Magokoro amevivaa mara moja. Amefumba macho. Sasa anaimba, na mbwa wa jirani ameondoka.

Jumanne, 19 Agosti

Siku ya mtihani. Tangu Jumapili Magokoro ameimba mteremko mzima, safu baada ya safu, kwa sauti ile ile ya ng'ambo ya mto. Baba anachuma safu ya pili kutoka kwake.  Anachuma tu, uso kwenye majani.

Obadiah alimjaribu kwenye veranda ya kanisa. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha, nikiomba. Kona ya kwanza akakata. Ya pili akakata. Ubeti wa tatu akapotea nusu hatua, akarudi. Obadiah alivuta pumzi kama aliyepewa chai isiyo na sukari. Akasema sawa, ataimba, lakini asimame mwisho wa safu, kando ya nguzo. Na siku yenyewe akipotea atampa ishara kwa mkono, aketi mara moja.

Mbele ya hema zima! Magokoro akamshukuru. Njiani alinishika mkono, na wake ulikuwa baridi.

Jumamosi, 23 Agosti

Sabato imeisha, naweza kuandika.

Hema lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye nyasi. Magokoro alivaa gauni la samawati. Earphone alinipa nimshikie. Alisema leo anataka kusikia watu.

Ubeti wa kwanza, sawa. Ubeti wa pili unaanza na sauti ya pili peke yake. Magokoro alifungua mdomo, na kitu hakikutoka. Nilimwona. Alikuwa anatazama ule umati, mdomo wazi, kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa. Wenzake wakamgeukia, nao wakapotea. Mkono wa Obadiah ukaanza kuinuka.

Ndipo nikasikia sauti nzito kutoka benchi za wanaume. Mbovu, lakini kwenye kona sahihi. Nikageuka. Ni Baba. Baba yangu, ambaye hata wimbo wa taifa huusogezea midomo tu, alikuwa amesimama, kofia mkononi, anaimba sauti ya pili ya mama yake.

Kisha Mama. Kisha karani wa kupima majani. Kisha mteremko wetu wote, wachumaji wote, benchi kwa benchi. Walikuwa wameujua bila kutaka! Hema zima likawa sauti ya pili. Sauti ya kwanza ilizama ikapotea kabisa. Mkono wa Obadiah ulibaki hewani haujui kazi yake.

Magokoro akawasikia. Mabega yakashuka. Akaingia, juu ya wote, mpaka mwisho.

Baada ya ibada nilimwona Baba amesimama naye.  Alikuwa amemshikia mkoba. Aliponipita alinigusa kichwani kama zamani, huku akiitazama nguzo ya hema, na nguzo ndiyo aliyoiambia:

"Panya wengine wana faida."

Mimi nilikuwa na vumbi machoni. Hema lile lina vumbi sana.

Jumapili, 24 Agosti

Nimeshakuwa mtu mkubwa. Leo Obadiah amekuja mwenyewe hadi kwetu. Earphone zake pia humwanguka. Amesikia kuna mtaalamu. Nikamwambia ameshampata. Anataka vichwa vyake, na vya wanaume wote wa sauti ya nne, kabla ya Sabato ijayo. Nikamwambia aingize kidole chake kidogo. Kikaingia chote. Kumbe ana masikio ya pango! Firdaus hana saizi hiyo, sidhani inatengenezwa popote duniani.

Mtu wa kawaida angesema ukweli. Nilimwambia kazi ndogo.

Jumanne amenialika kwake kunywa chai. Sebuleni ana viti vya wageni vyenye sponji nene, mpya, laini, nimeviona kupitia dirisha. Nimefikiria sana mambo ya heshima. Kiti si kitanda. Na Obadiah si baba yangu. Sioni mwiko wowote.

Nimemweleza Magokoro, maana yeye naweza kumweleza lolote. Aliinuka akakaza leso. Nikajua sasa nitachapwa. Akasema atanisindikiza. Yeye atamshika Obadiah na maswali ya ubeti wa tatu, mimi nifanye haraka, na safari hii nikate pembeni.