King'ora Juu ya Zahanati

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Tumefika ukweni. Naandika chooni, mlango nimeukomea. Mke wangu alinipa sharti kabla hatujapanda basi: safari hii ni ya kumjulia hali mama yake, anayesumbuliwa na goti. Si safari ya ving'ora. Akiniona hata mara moja nimekodolea macho nguzo au paa la watu, nitarudi peke yangu, yeye atabaki kwao. Nikaapa. Tena kwa dhati.

Kisha basi likakata kona karibu na mto, nikakiona. Juu ya paa la zahanati. King'ora! Midomo miwili, kofia ya bati, kutu tele. Nikajifanya nakohoa ili nipate kugeuza shingo. Mke wangu akanipa maji.

Nimewaarifu wenzangu wa kundi la kwenye simu, sisi tunaosafiri tukitambua ving'ora vya kuonya watu moto na mafuriko. Papo hapo kajitokeza yule bwana anayejiita Masikio. Eti hicho ni cha spika tu. Cha spika! Mimi nasema ni cha injini, chenye feni ndani. Cha injini huanza kwa kuguna, kikapanda taratibu. Cha spika hulia ghafla. Masikio anataka ushahidi. Ataupata, na aibu juu yake.

Alhamisi, tarehe 3 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimepanda kiti nyuma ya nyumba nikipige picha king'ora kupitia juu ya ukuta. Sikujua kwamba upande wa pili ni bafu la jirani, mama mmoja fundi cherehani, na kwamba halina paa. Nani huoga mvua ikinyesha? Mayowe! Baba mkwe akatoka na fimbo. Mke wangu nyuma yake, mikono kiunoni. Nikasema nilikuwa nakagua paa letu, nimeona linavuja.

Mama mkwe akanitetea, Mungu ambariki. Akasema mtoto wa watu anataka kuwasaidia, nao wanamsimanga. Basi Baba mkwe akaniletea ngazi na nyundo. Nimeshinda juu, nimelowa chapachapa, nikigongelea misumari paa lisilovuja. Sasa linavuja.

Ila king'ora nilikiona vizuri! Nikapiga picha, ikatoka ukungu mtupu. Masikio ameuliza kama hicho ni king'ora au sufuria.

Ijumaa, tarehe 4 Aprili

Nimetoroka kwa kisingizio cha chumvi. Mlinzi wa zahanati ameniambia hukijaribu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa sita mchana, dakika moja tu. Kesho!

Nitatokaje? Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Halafu ikanijia wakati wa chai. Nikatangaza kwamba goti la mama halingoji, mimi mwenyewe nitampeleka zahanati kesho. Mke wangu macho yakamlengalenga. Akasema pengine amekuwa akinihukumu vibaya. Niliona haya mpaka nilipomaliza chai.

Baba mkwe hakupenda. Anasema mto umejaa, rangi yake haimpendezi, tungoje Jumatatu. Nikamwambia, baba, mto ni mto na goti ni goti.

Jumamosi, tarehe 5 Aprili

Naandika darasani, shule ya kilimani.

Tulifika zahanati mapema mno. Muuguzi akamwita Mama mkwe, nikasema tunawapisha walio hoi zaidi. Akamwita tena, nikapisha tena. Muuguzi akanisifu mbele ya watu! Kisha nikamtoa mama nje apunge upepo, nikamkalisha kwenye benchi chini ya king'ora kabisa.

Saa sita haijagonga, kikaguna. Kikaguna! Kikapanda, kikapanda, mpaka meno yakanitetemeka. Cha injini! Nikawasha simu kurekodi. Watu wakaanza kukimbilia kilimani. Nikawafokea watulie, ni jaribio, wananiharibia sauti. Mama mkwe akataka kuinuka, nikamkalisha, kwa heshima. Dakika ikapita, chenyewe kinaendelea. Nikafurahi, jaribio refu! Mlinzi akapita mbio, kiatu mguu mmoja. Nikamlaumu kwa kuanza kabla ya saa. Hata hakugeuka.

Nikatazama chini. Maji yalikuwa yamefunika ndara za mama.

Goti lilipona vipi sijui. Alinikamata ukosi wa shati, akanikokota mpaka kilimani, mimi nimeinua simu juu isilowe. Nilipogeuka niliona benchi letu linaelea kuelekea darajani. Hapo niliogopa kweli. Asingenishika ningekuwa bado nimesimama pale pale.

Mke wangu alikuwa kwenye geti la shule analia. Kutuona tumeshikana vile, akaamini mimi ndiye niliyemwokoa mama yake. Baba mkwe akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniita mwanangu. Hajawahi! Mama mkwe akanitazama, akafunga mdomo. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nakiogopa kimya kile kuliko mto.

Jumapili, tarehe 6 Aprili

Hajasema. Asubuhi nzima nimekalia kuti kavu, kila akikohoa roho inaruka. Hajasema! Nyumba imeingia maji hadi magotini, lakini hakuna aliyekufa, tushukuru. Mke wangu ananiletea chai kwanza, kabla ya baba yake.

Nimeapa kutoituma ile sauti. Masikio kaandika: mtaalamu kameza ulimi? Nikajikaza kisabuni. Kaandika tena: sufuria imechemka? Nikatuma.

Akajibu kwamba mwanzo hausikiki, kuna mpumbavu anaongea juu yake. Mpumbavu gani? Nikafungulia sauti ya simu hadi mwisho nimjue. Ni mimi. Kaa, mama, ni jaribio tu, mimi ndiye mtaalamu! Na chini ya sauti yangu, sauti ya Mama mkwe, taratibu: mwanangu, maji. Halafu tena: mwanangu, maji. Jana sikumsikia hata kidogo.

Darasa zima lilisikia. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na kikombe. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu kwamba basi la kurudi huondoka asubuhi.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Aliyenisindikiza stendi ni Mama mkwe, akichechemea. Kumbe alikusudia kwenda na siri ile kaburini. Akasema nimejitangaza mwenyewe, na kwa sauti kubwa. Akasema sikio la kufa halisikii dawa, ila anaamini langu bado lina uhai. Nami nikashindwa kumwangalia usoni. Kisha akanipa ujumbe: mke wangu atanipigia simu jioni. Nikipokea nikiwa nyumbani, nimetulia, atarudi mwisho wa wiki. Nisipopokea, nisijisumbue kumfuata.

Nimelia ndani ya basi, kilio cha haja. Abiria wa pembeni alinipa leso yake. Nimejitafakari sana, na somo nimelipata: ukirekodi, usiongee.

Basi lilisimama tuchimbe dawa. Mimi nilibaki kitini, nimetulia kama nilivyotakiwa. Nikatupa jicho dirishani, mara moja tu. Lo! Nyuma ya kituo cha zimamoto, juu ya nguzo: midomo mitatu! Masikio hajawahi kuona midomo mitatu maishani mwake. Nikashuka kuhakikisha kama upande wa nyuma hakuna wa nne.

Upo! Nikapeleka mkono mfukoni nitoe simu. Shajara hii tu na kalamu. Simu niliiacha kwenye begi, begi lipo kitini, na basi nimeliona mgongo likipandisha mlima.

Nimekichora. Si vibaya. Muuza magazeti anasema hukijaribu kila Alhamisi. Nimemuuliza kama kuna mahali pa kungojea, akanionyesha benchi chini yake kabisa.

Nimeshakaa.